Nani Alituambia Tusifagie?

Kila asubuhi, saa moja na nusu, Baba Pacha alitoka nyumbani kwenda kazini. Alitoka mwenyewe. Neno hilo, mwenyewe, lilikuwa kubwa sana katika nyumba ile.

Zamani alikuwa fundi umeme. Alipanda ngazi na kupitisha nyaya kwenye dari za watu. Siku moja ngazi iliteleza, akaanguka, akaumia uti wa mgongo. Tangu siku hiyo miguu haikumtii tena. Mwaka mzima alilala amegeukia ukuta. Hakutaka kuongea na mtu. Hakutaka hata redio iwashwe. Mkewe alimlisha, akamgeuza, akasubiri.

Kisha kikaja kiti cha magurudumu. Baada yake kikaja kibanda cha kutengeneza redio na simu, pale kwenye kona, mwisho wa mtaa. Kutoka mlangoni kwao hadi kibandani zilikuwa dakika kumi na moja. Alizipima kwa saa. Mtu akishika kiti ili amsukume, alimwambia, "Asante, ndugu yangu, lakini gari hili lina dereva wake."

Mkewe, Mama Pacha, alikuwa fundi cherehani. Alishonea sebuleni, karibu na dirisha la barabarani. Kila asubuhi aliyasikia magurudumu yakitoka getini na kuteleza kwenye lami. Hakuwa na haja ya kuchungulia, lakini alichungulia kila siku. Pacha wenyewe, mabinti wawili, walikuwa shule ya bweni. Nyumbani walibaki watu watatu tu: yeye, mumewe, na mama mkwe wake. Mtaa mzima ulimwita mama huyo Bibi, na hakuna jambo lililompita bila kulitolea maneno.

Barabara yao haikuwa nzuri. Ilikuwa na nyufa kila mahali na mashimo mawili makubwa. Lakini Baba Pacha alijua kila shimo lilipo, akayakwepa kama mtu anavyokwepa meza nyumbani kwake gizani.

Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, yakaja malori.

Lori la kwanza lilimwaga lami ya moto, nyeusi, inayotoa moshi. Lori la pili lilikuja nyuma yake likimwaga kokoto ndogo, ukubwa wa punje za mahindi. Nyuma yao likaja rola, likapita taratibu, likarudi, likapita tena. Watu wote walitoka nje. Wengine walipiga makofi. Ilipofika saa saba mchana, malori yaligeuka yakaondoka.

Watu walibaki wamesimama wakiitazama barabara. Ilikuwa imejaa kokoto kutoka kona hadi kona.

"Wameenda kula," alisema Bibi.

"Watarudi," alisema mtu mwingine.

Wakasubiri. Saa tisa ikafika. Saa kumi ikafika. Hakuna aliyerudi.

"Ndiyo wamemaliza?" Mama Pacha aliuliza.

"Wamemaliza nini, mwanangu? Hii ni barabara au ni shehena ya mjenzi?" alisema Bibi.

Hapo akaja Tangazo. Tangazo alikuwa jirani yao wa mkono wa kulia, mwenye duka la vifaa vya nyumbani. Alipewa jina hilo kwa sababu habari zote za mtaa zilianzia kwake. Nyingi hazikuwa za kweli, lakini alizitoa kwa sauti ya mtu aliyekuwepo.

"Msiwe na wasiwasi," alisema. "Nimeongea na wakubwa. Kesho wanaleta lami yenyewe. Hizi kokoto ni za chini tu."

"Mbona lami imemwagwa kwanza, kokoto zikaja juu?" aliuliza Mama Pacha.

Tangazo alikuna kichwa. "Hiyo ni teknolojia mpya," alisema, akaingia dukani kwake.

Jioni Baba Pacha alifunga kibanda na kuanza safari ya kurudi. Magurudumu madogo ya mbele yalizama kwenye kokoto. Akasukuma kwa nguvu. Kiti kikazunguka upande. Akasukuma tena, na kiti kikapinduka.

Watu walikimbia kumwinua. Walimwinua vizuri, kwa upendo, huku wakiitukana barabara. Walimsukuma hadi nyumbani, watu wanne kwa mara moja. Hakusema kwamba gari lina dereva wake.

Kesho yake lami yenyewe haikuja. Lilikuja gari moja la mbio, likarusha kokoto ikapasua kioo cha dirisha la Tangazo. Vumbi likaingia sebuleni na kukaa juu ya vitambaa. Mama Pacha aliacha kazi, akamsukuma mumewe hadi kibandani. Kiti kilikwama kila hatua tatu. Walitumia dakika thelathini na tano. Jioni akamfuata tena.

"Umeacha kazi yako mara mbili leo," Baba Pacha alisema.

"Si kitu."

"Kwako si kitu. Kwangu ni kitu."

Mama Pacha aliijua sauti hiyo. Ilikuwa ndiyo sauti ya mwaka ule wa ukuta, na ilimtia hofu kuliko vumbi na kokoto zote za dunia.

Jumatano asubuhi alichukua ufagio wa chelewa, koleo na ndoo mbili. Akaanza kufagia mbele ya geti lake. Alikusanya kokoto zilizolegea, akazijaza kwenye ndoo, akazimwaga pembeni, juu ya mifuniko ya zege iliyofunika mtaro. Chini ya kokoto lami ilionekana nyeusi na laini. Alifurahi sana. Akafagia hadi mbele ya nyumba ya pili.

Tangazo alitoka na kumtazama. "Unazipeleka wapi hizo?"

"Sijui bado. Pengine nitatandaza uani, pasiwe na tope."

Macho ya Tangazo yalifunguka. "Kumbe ni kokoto za bure!"

Baada ya nusu saa mtaa mzima ulikuwa na mafagio. Watu ambao hawakuwahi kufagia hata vizingiti vyao walifagia barabara ya jiji. Wengine walizipeleka kokoto uani. Wengine walizirundika juu ya mifuniko ya mtaro, kama alivyofanya Mama Pacha, wakisema watazichukua baadaye. Hakuna aliyejiuliza kwa nini zililetwa. Zilikuwa kero, zikaondolewa. Nani angefikiri zaidi ya hapo?

Alhamisi Baba Pacha alikwenda kazini mwenyewe. Alirudi jioni akipiga mluzi.

"Dakika kumi na mbili," alisema. "Mke wangu ni mhandisi, ila hawajamjua."

Wote watatu walicheka. Bibi alicheka hadi akashika mbavu.

Ijumaa jua lilikuwa kali. Kufika saa sita, barabara ilianza kung'aa. Viatu vya wapita njia vilinasa. Mwanamke mmoja aliacha ndala yake katikati ya barabara, akaenda mbele mguu mtupu kabla ya kugundua. Magari yalipopita, matairi yaling'oa lami vipande vipande na kuacha madoa ya kijivu.

Baba Pacha alifika nyumbani saa kumi jioni, amechoka na jasho limemlowesha. Magurudumu yote manne yalikuwa yamevaa lami, na juu ya lami yamebeba majani, karatasi na mchanga. Mikono yake ilikuwa myeusi. Aliingia sebuleni bila kujua kwamba mkewe ametandika sakafuni kitambaa cheupe, gauni la mteja. Magurudumu yakapita juu yake.

Mistari miwili myeusi ilibaki kwenye kitambaa. Wote waliitazama.

"Sikukiona," alisema Baba Pacha.

"Najua. Kitatoka."

"Hakitatoka. Hiyo ni lami." Alitazama mikono yake. "Kesho siendi. Keshokutwa siendi. Nitamrudishia mwenye kibanda ufunguo wake."

Bibi alileta mafuta ya kupikia, akampaka mwanawe mikononi na kumsugua kwa kitambaa kikuukuu. Lami ikatoka polepole. Bibi hakusema kitu, na Bibi kunyamaza lilikuwa jambo la kutisha. Kisha Baba Pacha aliomba alazwe. Akageukia ukuta.

Mama Pacha alibaki sebuleni na gauni magotini. Hakuelewa kitu. Kokoto zilipokuwepo, mumewe alianguka. Kokoto zilipoondoka, mumewe alinasa. Sasa barabara ile ilitaka nini? Alikuwa na hasira, lakini hakujua amkasirikie nani. Alilia kidogo, akajipangusa kwa kanga ili asichafue kitambaa zaidi.

Jumamosi asubuhi mtu alibisha hodi. Alikuwa mwanamke mrefu, amebeba ovaroli ya rangi ya chungwa mkononi.

"Shikamoo, Mama," alimsalimia Bibi. Kisha akamgeukia Mama Pacha. "Habari za asubuhi, dada. Nimeelekezwa kwako. Zipu ya ovaroli imekufa, na Jumatatu niko kazini."

Mama Pacha aliipokea ovaroli ile. Ilikuwa na madoa meusi kila mahali. Alinusa. "Hii ni lami."

"Ndiyo. Mimi ndiye ninayeshika bomba la kumwagia lami. Wenzangu wananiita Dada Lami."

Bibi aliinuka kwenye kiti. "Kumbe ni wewe! Karibu, keti. Keti hapa karibu, nikuone vizuri."

Dada Lami aliketi, lakini kwa tahadhari.

"Tueleze," alisema Bibi. "Jiji limekosa nini hata litumwagie kokoto barabarani kama tunajengewa banda la kuku? Kwa nini hamkumaliza kazi?"

"Tulimaliza, Mama."

"Mlimaliza!"

"Barabara ya namna hii ndivyo ilivyo. Ni ya bei nafuu, sitakuficha. Haiwi laini kama ile ya tabaka nene. Kazi yake ni kuziba nyufa ili maji ya mvua yasiingie chini. Maji yakiingia chini, barabara inaoza kutoka ndani, na hapo mashimo hayana mwisho." Aligeuza shingo kutazama dirishani. "Lakini nilipopita sasa hivi nimeshangaa. Kokoto zetu zimekwenda wapi?"

Bibi alitazama dari.

"Nilizifagia," alisema Mama Pacha. "Nilianza mimi. Wengine wakanifuata."

"Ulizifagia! Siku ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Jamani." Dada Lami alishika kichwa. Kisha akaona gauni lililotundikwa ukutani, la mteja mwingine, lenye vijiwe vidogo vya kung'aa kifuani. "Hivi vijiwe unaviweka vipi?"

"Kwa gundi. Napaka gundi, namwaga vijiwe, nakandamiza."

"Unamwaga kiasi gani?"

"Namwaga vingi kuliko vinavyohitajika, ili pasibaki sehemu tupu. Vingine havishiki. Hivyo nakung'uta baadaye."

"Unakung'uta saa ngapi?"

"Gundi ikishakauka. Ukikung'uta kabla haija..." Mkono wa Mama Pacha ulikwenda mdomoni.

Dada Lami alimwacha amalize mwenyewe.

"Ukikung'uta kabla haijakauka," Mama Pacha alisema taratibu, "vijiwe vinang'oka. Inabaki gundi tupu, na kila kitu kinaganda pale."

"Hivyo hivyo tu," alisema Dada Lami. "Lami ni gundi. Tunamwaga kokoto nyingi makusudi. Rola linakandamiza, kisha matairi yanaendelea kukandamiza, siku hadi siku. Ndiyo maana magari yanatakiwa yaende polepole. Gari la mbio linazing'oa na kuzirusha. Hapa kwenu tulipanga siku saba, kisha tuje na mashine ya kufagia. Kokoto zilizobaki zimelegea ndizo zinazoondolewa."

"Siku saba," alisema Mama Pacha. Alihisi uso unawaka moto. Kazi yake mwenyewe, anayoifanya kila wiki, na bado hakuona! Lakini baada ya aibu ikaja hasira, na safari hii hasira ilijua pa kwenda.

"Nani alituambia?" aliuliza.

"Nini?"

"Nani alituambia tusifagie? Nani alituambia siku saba? Nani aliweka kibao cha kusema magari yaende polepole? Mume wangu yuko ndani amegeukia ukuta. Alianguka kwenye kokoto zenu, na hakuna mtu aliyekuja kutuambia neno."

Dada Lami alitazama chini.

"Matangazo yalichapishwa," alisema hatimaye. "Nimeyaona ofisini, bunda zima. Wameliweka chini kuzuia mlango usijifunge."

Bibi alipiga kofi pajani. "Haya! Sasa tumejua elimu imekwama wapi!"

"Na kuna jingine," Dada Lami aliendelea. "Mashimo mawili yalitakiwa kuzibwa kwanza, kabla ya lami. Hayakuzibwa. Ukimwaga kokoto juu ya shimo, unalificha tu. Hilo ni kosa letu, si lenu."

"Tufanye nini?" aliuliza Mama Pacha. "Tuzirudishe kokoto?"

"Zilizochanganyika na udongo hazifai. Lami haishiki uchafu. Msimwage mchanga wala maji. Lami inayong'aa inahitaji vumbi la mawe, kavu na safi, kisha rola. Hiyo ni kazi yetu, lakini lazima ofisi iambiwe. Na msiseme tu kwamba barabara ni mbaya. Barua za namna hiyo zinajaa kikapu. Andikeni mtaa gani, mbele ya nyumba ipi, tangu siku gani, na mnataka kitu gani. Bakini na nakala yenye muhuri."

"Na mume wangu? Mpaka waje, atapita wapi?"

Dada Lami alifikiri. "Pembeni ya barabara hatukumwaga kitu. Kuna mifuniko ya mtaro, ya zege. Pale hata mkifagia kila saa, hamharibu."

Kisha sauti ikatoka chumbani.

"Ile mifuniko ina upana gani?"

Mama Pacha aligeuka upesi. Mumewe alikuwa amejiinua kwa viwiko. Hakuwa ametazama ukuta. Alikuwa akitazama mlango.

"Sijui," alisema Dada Lami. "Sijawahi kuipima."

"Mama Pacha, lete futi yako."

Mama Pacha alivua futi shingoni. Alipima kiti kutoka gurudumu hadi gurudumu: sentimita sitini na sita. Kisha akatoka nje mbio, bila viatu, akapiga magoti pembeni ya barabara.

"Themanini!" alipiga kelele kutoka nje. "Baba Pacha, ni themanini!"

Furaha yake ilidumu muda mfupi tu. Aliinua macho kuitazama ile njia. Mbele ya geti lake, juu ya mifuniko, palikuwa na rundo la kokoto. Ni lile alilolimwaga mwenyewe. Mbele yake palikuwa na rundo la jirani, kisha ndoo za rangi za Tangazo, benchi lake, vyungu vya maua, matofali, na rundo jingine, na jingine. Njia ya mumewe ilikuwepo siku zote, na yeye ndiye aliyeanza kuizika.

Alirudi ndani, akamweleza mumewe hivyo hivyo, bila kupunguza neno.

Baba Pacha alimtazama. "Mhandisi wangu," alisema, "nenda kanifungulie barabara."

Jumapili Mama Pacha alipita nyumba kwa nyumba. Haikuwa kazi rahisi. Kila mlango alianza kwa maneno yale yale: "Nilikosea mimi kwanza." Alieleza gundi na vijiwe. Wengine walielewa mara moja. Wengine walikasirika.

"Jumatano ulisema tufagie," alisema Tangazo. "Leo unasema tusifagie. Sasa tushike lipi?"

"Penye lami usifagie. Kwenye mifuniko fagia."

"Na kokoto zangu? Nimeshazipangia mahali."

"Zilizo uani kwako baki nazo. Za juu ya mifuniko ziondoke. Pia za ndani ya mtaro, mvua isije ikatuingilia vitandani."

"Na benchi langu? Wateja wangu wakae wapi?"

Mama Pacha alikuwa amechoka. "Tangazo," alisema, "wateja wako wanakaa ili wapumzike. Mume wangu anapita ili aishi."

Tangazo alilitazama benchi lake. Watu walisema ni mara ya kwanza kumwona akikosa habari. Aliinama, akashika benchi upande mmoja.

"Shika kule," alisema.

Walifanya kazi hadi alasiri. Bibi alikaa kwenye kiti getini akisimamia kwa mdomo. Katika kufagia waliona mfuniko mmoja umevunjika, karibu na kona, wakaufunika kwa ubao mnene kwa muda. Baba Pacha, akiwa dirishani, aliandika barua. Aliandika jina la mtaa na tarehe ya kumwaga lami. Aliandika lami inanata mbele ya nyumba zipi, mashimo mawili yako wapi, na mfuniko uliovunjika ni wa ngapi kutoka kona. Mwisho aliandika wanachotaka: vumbi la mawe, kuziba mashimo, mfuniko mpya, kibao cha mwendo, na taarifa kwa kila mtaa kabla ya malori kufika. Watu thelathini na wawili walitia saini.

Jumatatu Mama Pacha aliipeleka ofisini. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Chini yake, sakafuni, palikuwa na bunda la karatasi.

Karani alisoma barua mara mbili. "Kila siku tunaletewa barua za barabara," alisema, "lakini hii nikimpa fundi, anajua aanzie wapi." Akapiga muhuri kwenye barua na kwenye nakala.

"Naomba na zile," alisema Mama Pacha.

"Zipi?"

"Zile zilizoshika mlango."

Karani aliinama, akatazama kana kwamba anaziona kwa mara ya kwanza. Alizichukua, akapangusa vumbi, akampa. Mlango ukajifunga kwa kishindo.

Jumatano malori yalirudi. Dada Lami alikuwepo, na zipu ya ovaroli ilikuwa mpya. Walimwaga vumbi la mawe palipokuwa pananata, rola likapita. Walikata kingo za mashimo mawili na kuyaziba vizuri. Waliweka kibao cha kuamuru magari yaende polepole. Safari hii hakuna aliyechukua ufagio. Kila mtu aliyefika na ndoo alirudishwa na Bibi. Baada ya siku saba ilikuja mashine ya kufagia, ikaondoa kokoto zilizolegea. Mfuniko wa zege ulichelewa wiki nzima, na Mama Pacha alirudi ofisini mara mbili na nakala yake yenye muhuri. Ukaja.

Barabara haikuwa laini. Magari yalipopita yalitoa kelele kuliko zamani, na Bibi aliendelea kusema kwamba hajaipenda. Lakini mvua kubwa ya kwanza iliponyesha, maji yalipita juu yake na kuingia mtaroni, na hakuna ufa uliofunguka. Tangazo alichukua lile bunda la matangazo, akaligawa mtaa wa pili, ambako malori yalitarajiwa. Watu wa huko hawakumwamini hadi walipoona muhuri wa jiji kwenye karatasi zenyewe.

Lakini tusitangulie. Jumatatu ile ile ya barua, saa moja na nusu asubuhi, barabara ilikuwa bado inanata, na njia pekee ilikuwa ya mifuniko. Baba Pacha alijisukuma hadi getini. Magurudumu yalikuwa safi. Bibi aliyasugua kwa mafuta hadi yakang'aa. Mama Pacha aliinuka kwenye cherehani, akaja nyuma ya kiti, akashika vishikio kama alivyofanya ile Jumanne ya kokoto.

"Mama Pacha," alisema mumewe bila kugeuka.

"Bee."

"Gari hili lina dereva wake."

Mikono yake ilibaki pale kidogo. Kisha akaachia. Alirudi ndani, akaketi, akaweka kitambaa kipya cheupe chini ya sindano. Nje magurudumu yalianza kugonga maungio ya mifuniko, tok, kisha tok, kisha tok. Alihesabu hadi kumi na tisa, na mlio ukapotea katika kelele za mtaa.

Hakuinuka kuchungulia. Alikanyaga cherehani, akashona.